Kabla hujatoa hela ya kinanda cha analogi

Napiga kinanda Kirumba, Mwanza, kwenye ukumbi wa bati usio na dari. Joto lake la mchana unalijua. Ndiyo maana kitu cha kwanza napima kwenye sintesaiza mpya ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti kwa saketi za umeme, ni tyuni. Iwashe, iache dakika 20, shika noti moja ndefu, mpiga gitaa naye aishike hiyohiyo. Rudia baada ya saa nzima. Saketi za analogi huyumba joto likibadilika, kwa hiyo tafuta yenye kitufe cha kujirekebisha yenyewe.

Kisha hesabu noti. Sintesaiza ya Minimoog ya 1970 ilitoa noti moja tu kwa wakati: besi tamu kweli, ila ukishika tatu inakujibu moja. Prophet-5 ya 1978 ikaleta tano, tena ikahifadhi mipangilio ya sauti. Sisi tunaunga wimbo kwa wimbo bila kupumua, kwa hiyo isiyo na kumbukumbu siitaki, hata iwe nzuri vipi. Mpiga besi wetu anabisha; yeye raha yake ni kuzungusha nobu, vile vishikio vya kurekebisha sauti kwa mkono.

Hizo nobu zijaribu gizani. Zikibanana hadi vidole vinagongana, achana nayo. Kii 37 nyembamba? Mkono wa kushoto unakosa pa kwenda.

Halafu geuza nyuma, usome umeme. Kwetu ni volti 230. Yangu ya zamani ilikuwa ya volti 120; iliungulia harusini Pasiansi, bibi harusi hajaingia hata mlangoni.