Siku tatu za mapumziko Kilwa Kisiwani

Panga safari kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Ukitokea Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru, kisha chukua gari la Kilwa Masoko, kama kilomita 30. Kibali cha kutembelea magofu ya mji wa kale kisiwani kata hapohapo Masoko kabla ya kuvuka.

Kinachowaharibia wengi mapumziko ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, bahari hukupwa mbali, na chombo kikikwama utasubiri saa nyingi juani. Muulize nahodha saa ya maji kujaa. Kila siku saa hiyo huchelewa kwa kama dakika 50. Vuka asubuhi, kwa sababu upepo wa kusi hushika nguvu mchana.

Beba maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, chandarua, na viatu vya kukanyagia matumbawe. Fedha taslimu, noti ndogondogo.

Usijaze ratiba. Siku ya kwanza Msikiti Mkuu na Gereza, ngome ya kale. Ya pili Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, mapema, kabla jua halijawa kali. Ya tatu iache tupu kabisa: samaki wa kuchoma, mkeka, kivuli cha mwembe.