Boda imetoka kwa fundi na ringi mpya, usikimbilie mishikaki (kupakia abiria wawili watatu)

Wadau, boda ikishachongwa silinda na kufungwa pistoni na ringi mpya (vile vyuma vyembamba vya duara vinavyoizunguka pistoni), hamu ya kuirudisha kijiweni siku hiyohiyo naielewa, hesabu ya bosi haisubiri, ila mimi niliwahi kupakia magunia mawili ya mkaa siku ya pili tu, nikavuta resi yote mlimani, ikanoki palepale nikaisukuma mpaka nyumbani.

Iko hivi. Ukuta wa silinda iliyochongwa ukiuangalia juani una mikwaruzo myembamba imekatizana kama wavu, imewekwa makusudi, inashika oili na inazisaga ringi kidogokidogo mpaka zikae. Kinachozibana ringi ukutani ni presha ya moto unaowaka juu ya pistoni, sasa ukiibembeleza sana presha inakuwa ndogo, ukuta unang'aa kama kioo na ringi hazikai tena, hapo ndo inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukiizidishia nako joto linapanda, pistoni inatanuka, inajam.

Ndo maana ile ya "iache iungurume chini ya mwembe masaa matatu izoee" mimi siikubali kabisa. Boda zetu nyingi zinapozwa na upepo, imesimama upepo inautoa wapi? Washa dakika mbili, cheki gasketi haivuji, oili iko levo, hamna mlio wa ajabu, panda uondoke.

Toka alfajiri kabla ya foleni, ukiwa peke yako. Gia ya tatu, ongeza resi taratibu mpaka karibu nusu, alafu iachie yote bila kukamata klachi pikipiki ijizuie yenyewe, rudia kama mara kumi, maana ukiongeza ringi zinabanwa, ukiachia oili inavutwa juu inapooza na kuosha ule unga wa chuma. Usikae spidi moja muda mrefu, na mlimani shusha gia mapema, usiilazimishe ipande inagongagonga. Nusu saa hivi inatosha, zima, ipoe mpaka uweze kushika hedi kwa mkono, ndo uendelee.

Oili weka 20W-50 ya kawaida ya pikipiki, sintetiki subiri kwanza, na ya gari achana nayo kwasababu klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyohiyo, inaweza kuteleza, tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo. Ya kwanza mimi namwaga kwenye kilomita 50 mpaka 100, injini ikiwa ya moto, kwenye chupa ya maji iliyokatwa, alafu naisogeza juani: utaona inametameta kama kuna mtu kamwagia rangi ya fedha, usishtuke. Ukikuta vipande vya kuokota kwa kucha, rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Oili nyingine badilisha kwenye kilomita 500, na tapeti (nafasi ya valvu) zipimwe injini ikiwa ya baridi.

Mpaka hiyo 500 ifike ni abiria mmoja, safari fupi, resi isivuke robo tatu. Kama pikipiki ni mpya ya dukani fuata spidi zilizoandikwa kwenye kile kitabu chake.

Na bosi mwambie mapema apunguze hesabu wiki hiyo. Wangu aligoma, nikampigia mahesabu ya kufunga pistoni upya, jioni akapiga simu mwenyewe kasema sawa.