Mtambo wa kinanda cha mabomba: anza na valvu, si na kibonyezo

Wengi wanaotaka kuunda kinanda cha kanisa chenye mtambo wa fito (vijiti vyembamba vya mbao vinavyounganisha kibonyezo na valvu) huanza kuchora vibonyezo na mabomba ya mbele, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Mimi huanza ndani ya sanduku la upepo, yaani sanduku lililo chini ya mabomba, kwenye valvu, maana uzito atakaousikia mpigaji kidoleni huamuliwa pale.

Hatua ya 1: shinikizo la upepo. Milimita 60 hadi 90 za maji zinatosha. Kunja mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji uwe kama herufi U, tia maji hadi nusu, kisha chomeka ncha moja kwenye sanduku. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo shinikizo lako. Ukitaka kulipandisha, ongeza uzito juu ya mvukuto.

Hatua ya 2: valvu. Hapa usiwe na haraka. Kila kibonyezo kina mfereji wake ndani ya sanduku, na mfereji huo hufungwa kwa chini na kipande cha mbao nyepesi kilichobandikwa ngozi. Milimita 75 za maji ni gramu 7.5 kwa kila sentimita ya mraba. Tundu la sentimita 20 kwa 1.5 lina eneo la 30, kwa hiyo upepo peke yake unaibana valvu kwa gramu 225, springi bado. Panua tundu hadi sentimita 2.5 na utafika gramu 375. Mpigaji atachoka ibada haijaisha. Ukilibana mno nalo, mabomba ya besi yatakosa pumzi, kwani hunywa upepo mwingi. Mimi hupenda valvu ndefu na nyembamba, maana upepo hupita kandokando yake.

Mzigo huo ni wa mwanzo tu. Valvu ikiachia kidogo, mfereji unajaa upepo, na kidole husikia kama kitu kimekatika. Mpigaji mzuri huutegemea mkatiko huo kuamua sauti ianze vipi. Kwa ajili ya mkatiko huo sijawahi kutamani mtambo wa umeme.

Hatua ya 3: fito. Pasua mbao nyepesi kufuata nyuzi zake, upana milimita 10, unene kama 1.5. Ufito kazi yake ni kuvuta. Panapopinda, weka pembe ndogo ya mbao. Panapohitaji kuhamia pembeni, weka roli, yaani mti unaozunguka na kuhamishia mvuto pembeni.

Hatua ya 4: uregevu. Mbao haibadiliki sana kwa urefu wake, bali hutanuka kwa upana ikinyonya unyevu. Fito hubaki zilivyo, fremu ndiyo inayosogea. Katika kinanda changu cha kwanza nilikaza nati za ngozi zilizo kwenye ncha za fito mpaka uregevu wote ukaisha. Mvua ziliponyesha, fremu ikavimba, ufito mmoja ukavuta valvu yake, na bomba likalia lenyewe katikati ya sala. Siku hizi kila kibonyezo hukiachia karibu milimita 1 ya kwenda bure kabla ufito haujakaza.

Hatua ya 5: jaribio. Mabomba yasipandishwe bado. Washa feni ya upepo, ziba matundu yote ya kukalia mabomba kwa mkanda wa karatasi, kisha pitisha kiganja kilicholowa kando ya sanduku. Ukisikia ubaridi, hapo panavuja.