Siku moja Avignon ukiwa na gari la kulala

Ukienda Avignon, kusini mwa Ufaransa, na gari lenye vitanda na jiko ndani, usiliingize mjini. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 14, na mitaa ya ndani ni myembamba mno. Vuka mto Rhône, uegeshe kisiwani Barthelasse. Huko kuna kambi zenye umeme, maji na mahali pa kumwaga maji machafu. Tumia ramani ya simu inayokubali kimo cha gari, ukijaze kabla hujaondoka, maana maegesho mengi ya Ufaransa yana chuma juu ya lango, mara nyingi mita 2 hivi, na gari letu ni karibu mita 3.

Bonde hili la Rhône lina upepo mkali wa kaskazini, mistral. Elekeza pua ya gari kaskazini, na kila anayefungua mlango aushike kwa mkono hadi aufunge tena. Nawasisitizia sana watoto wangu hilo, kwa sababu mlango ukinyakuliwa na upepo, bawaba ndizo huumia. Turubai la kivuli likunje kabla ya kutoka, hata kama kumetulia.

Kutoka kisiwani kuna kivuko kidogo cha bure. Soma ratiba uone safari ya mwisho. Kikiwa hakifanyi kazi, pita kwa miguu daraja la Daladier.

Ikulu ya Mapapa iwe ya kwanza, mara tu lango linapofunguliwa, watu wakiwa bado wachache. Kata tiketi ya pamoja, ikulu na daraja la kale. Mapapa walihamia Avignon mwaka 1309. Benedict XII alianza kujenga ikulu hii mwaka 1335, na Clement VI akaipanua. Kumbi kubwa unaweza kuzipitia upesi. Muda wako uweke kwenye chumba cha kazi cha Clement VI, kilichochorwa mwaka 1343. Hakuna watakatifu ukutani pale: kuna watu wanavua samaki bwawani kwa nyavu, kuna mwewe wa kuwindia, na miti imejaa pande zote. Nakipenda kuliko kitu kingine chochote mjini humu.

Halafu, humo humo ikuluni, tafuta kanisa dogo la Mtakatifu Yohana. Kwenye michoro yake baadhi ya nyuso hazipo. Ikulu iligeuzwa kambi ya jeshi hadi mwaka 1906, na askari walikata vipande vya plasta wakaviuza. Waonyeshe watoto, uwaeleze. Mimi inaniuma kila nikisimama pale.

Kabla ya mchana nenda soko la Les Halles, uwanja wa Pie, lile lenye ukuta uliooteshwa mimea. Ni la asubuhi, na Jumatatu hufungwa, kwa hiyo usichelewe. Nunua mkate, zeituni na jibini ya mbuzi, mkale kwenye bustani ya Rocher des Doms juu ya ikulu. Kuna vivuli, na mnauona mto wote.

Lile daraja la kale, Saint-Bénézet, halichukui muda: kati ya matao 22 yamebaki 4, mengine yaliharibiwa na mafuriko. Jioni, mkisharudi kisiwani, tembeeni kando ya mto. Huko ndiko daraja na ikulu vinapopigika picha vizuri pamoja.

Asubuhi yake mwaga tangi la maji machafu na kaseti ya choo (kile chombo cha uchafu kinachochomolewa chini ya choo) kambini kabla hujalipa na kuondoka.