Somo: Kusimamisha uwanja wa voliboli mtaani

Shule zinapofungwa, vijana wa Nairobi huniuliza jambo moja: wavu ufungweje ili usilegee? Nimeliandika hapa kwa ukamilifu, kwa kuwa wasichana waliowaona Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wakicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 wanastahili kujifunzia kwenye wavu wenye kimo halali.

Hatua ya 1. Okoteni vioo na mawe.

Hatua ya 2. Pimeni mita 18 kwa 9, kisha acheni angalau mita 3 kila upande. Mishazari yote miwili ifike mita 20.12, isipolingana, uwanja umepinda.

Hatua ya 3. Nguzo husimama kati ya nusu mita na mita moja nje ya mstari wa pembeni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hasa Embakasi na Donholm, ambako udongo mweusi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo nguzo iliyofukiwa kwa udongo uleule huinamia uwanjani kila wavu unapokazwa. Chimbeni hadi mpite tabaka hilo. Likiwa nene mno, panueni shimo na mlijaze zege. Bomba la mita 3.5 latosha: mita 2.55 juu, iliyobaki chini. Zege limwagiwe maji kwa wiki nzima kabla hamjakaza chochote. Msivute nguzo kwa waya uliofungwa ardhini! Sheria zinakataza, na mchezaji anayekimbilia mpira wakati wa magharibi hauoni waya huo.

Hatua ya 4. Wavu uwe mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, ukipimwa katikati ya uwanja baada ya kukazwa.

Hatua ya 5. Mistari ina upana wa sentimita 5. Wa mashambulizi uko mita 3 kutoka katikati.

Maswali ya wanachama

Swali: Wavu wa wanawake ni mita ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali: Nguzo yetu imeinama. Tuishikilie kwa waya hadi mashindano yaishe?
Jibu: Hapana. Nimekwisha kukataza, na mguu wa mtu hausubiri mashindano yaishe. Ing'oeni mwanze upya.

Swali: Mwalimu, jioni tunacheza wavulana na wasichana pamoja. Tufuate kimo kipi?
Jibu: Umeuliza vyema, dada. Fundi awachomelee kulabu za vimo vyote viwili. Mkichanganyika tumieni 2.24, na mkubaliane kwamba wavulana wataruka kupiga wakiwa nyuma ya mstari wa mita 3 tu. Hivyo wasichana watapata nafasi ya kupiga na kuzuia wavuni.

Swali: Mpira wetu unaumiza mikono. Ni mbovu?
Jibu: Huenda umejazwa upepo kupita kiasi, au umeachwa juani. Upunguzeni kwa sindano ya pampu, kisha muupime: mzingo uwe sentimita 65 hadi 67.

Swali: Mistari tuichore kwa chokaa?
Jibu: Chokaa huchoma macho ya anayejirusha kuokoa mpira. Tandazeni mkanda mwembamba wa turubai, mzibane pembe zake kwa misumari iliyozamishwa kabisa ardhini.