Makala Fupi Magazetini kwa Anayetaka Kujulikana

Mfugaji wa nyuki anayetaka asali yake ijulikane hahitaji kulipia tangazo la ukurasa mzima, kwa kuwa makala ya maneno 400 inayomfundisha msomaji jambo moja la kweli humjengea imani ambayo tangazo haliwezi kuinunua.

Anza kwa kusoma matoleo matatu au manne ya jarida unalolikusudia, ukihesabu maneno ya makala zake fupi na kuangalia ni safu zipi zinazoandikwa na watu wa nje. Kisha chagua swali moja ambalo wateja hukuuliza mara kwa mara. Eleza, kwa mfano, kwa nini asali huchacha: maji yakizidi takriban asilimia 20, hamira za asili zilizomo hupata nafasi ya kufanya kazi, ndiyo maana mrinaji makini husubiri nyuki wazibe masega kwa nta. Usiitaje bidhaa yako ndani ya maelezo hayo. Mhariri akihisi biashara ataikataa makala, na kwa maoni yangu atakuwa na haki.

Jina lako, kazi yako na namba ya simu vikae katika mistari miwili ya mwisho inayomtambulisha mwandishi. Muulize mhariri mapema kama ataichapisha mistari hiyo, kwani bila hiyo msomaji aliyevutiwa hatakupata.

Jarida la kila mwezi huandaliwa mapema sana, hivyo makala ya asali kwa ajili ya futari itumwe miezi kadhaa kabla, ukikumbuka kwamba Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka.