Kizunguzungu kinachotoka shingoni: namna ya kukitibu kwa mikono

Wanafiziotherapia wenzangu, mgonjwa wa kizunguzungu hapa Kisumu hutufikia akiwa ameshapimwa malaria na presha. Hilo halitoshi kukuruhusu uguse shingo.

Hatua ya 1: Chuja. Anaona vitu viwili viwili? Ulimi mzito? Anashindwa kumeza, ana ganzi usoni, huanguka ghafla, au ana maumivu makali ya shingo ambayo hajawahi kuyasikia? Toa mikono. Huenda mshipa wa damu wa shingoni umechanika. Mpeleke Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, siku hiyo hiyo. Dunia ikimzunguka kwa sekunde chache kila anapogeuka kitandani, fanya kipimo cha Dix-Hallpike (kumlaza chali haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande), maana hapo nashuku sikio. Mgonjwa wa shingo husema anayumba, na shingo yenyewe imekaza au inauma.

Hatua ya 2: Kiti cha kuzunguka. Shika kichwa kisicheze, naye azungushe kiwiliwili. Sikio halijasogea, shingo ndiyo iliyojipinda. Kizunguzungu kikija, shaka yangu huielekea shingo, ingawa kipimo hiki peke yake hakikati kesi.

Hatua ya 3: Sukuma huku akisogea. Mbinu ni ya Brian Mulligan wa New Zealand. Mgonjwa akae wima, wewe simama nyuma yake. Tuseme ni fundi wa rangi, na kinachomsumbua ni kutazama dari. Papasa nundu ya kwanza ya mfupa chini ya kisogo. Hiyo ni pingili ya pili ya shingo. Weka kidole gumba juu yake, cha pili kikiegemee, usukume polepole kuelekea macho yake. Sasa ainue kichwa. Usilegeze mpaka kichwa kirudi mahali pake. Wengi huachia njiani, kisha wanalaumu mbinu. Anayesumbuliwa na kugeuka, sukuma ubavu wa pingili ya kwanza, chini ya sikio.

Kizunguzungu kisije kabisa wakati unasukuma, wala pasiume. Kikija, badili pembe kidogo. Kikikaidi, acha, usiongeze nguvu. Siku ya kwanza mara sita zinatosha.

Hatua ya 4: Nyumbani. Ukingo wa taulo kwenye nundu ile ile, avute ncha zote mbili mbele usawa wa macho huku akiinua kichwa. Leso huteleza.

Baada ya wiki chache bila nafuu, mpeleke kwa daktari wa masikio.